Komeo la Ndani

Kambi ya Muthi, Jammu
9 Mei 2003

Sunanda, mwana wa kaka yangu,

Uishi miaka mingi. Sisi wazima, ila joto hili la Jammu! Miaka kumi na mitatu tangu tuikimbie Kashmir, na mwili wangu bado haujalikubali.

Nina swali la jirani yangu wa ghorofani. Ana kisukari, na fangasi za ukeni hazimwishi. Anawashwa hata hawezi kukaa akamaliza ukurasa mmoja wa kitabu. Vidonge vya kumeza daktari amekataa, vinagombana na dawa zake za sukari. Amepewa vya kuingiza ukeni, usiku saba mfululizo. Kila mara huishia usiku wa pili. Nasikia huko Pune, kwenye maabara yenu, mnatengeneza cha mara moja tu. Kiko wapi?

Shangazi yako, Dulari

Pune
2 Juni 2003

Shangazi,

Nagusa miguu yako. Macho yanaendeleaje? Na sukari?

Kambini kwenu hakuna ghorofa, Shangazi. Mwambie huyo jirani amalize usiku saba. Kwa nini anaacha?

Chetu bado. Kinatakiwa kishike ukeni na kuachia dawa kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Nakijaribu juu ya ngozi laini ya uke wa mbuzi, ninayoletewa na mchinjaji. Asubuhi nakuta kimeteleza. Nikizidisha gundi, ngozi inababuka. Profesa anayenisimamia ameanza kuniuliza kama sijafikiria kuolewa.

Binti yako, Sunanda

Muthi
20 Juni 2003

Sunanda,

Uishi miaka mingi, mjanja wee. Haya, ni mimi.

Chumba ni kimoja. Mwanangu Bansi na mkewe wako upande ule wa pazia, wajukuu upande wangu. Choo ni cha safu nzima ya vyumba, na mlango wake ni gunia. Nilale chali saa ngapi? Usiku wa pili mjukuu aliamka akaniuliza, "Bibi, unatafuta nini?"

Kuhusu gundi: unaukumbuka mti wetu wa bamtsunth, ule wa matunda ya njano yanayonukia? Mbegu zake tuliziloweka, zikatoa ute mzito kama wa bamia, tukawanywesha mlipokohoa. Ute ule uling'ang'ania kijiko hata baada ya kuoshwa, na koo haukulichubua. Hajra, jirani yetu wa kule Kashmir, bado anautunza mti. Matunda yakiiva Oktoba atakutumia mbegu.

Shangazi

Pune
18 Novemba 2003

Shangazi,

Nagusa miguu yako. Mbegu zimefika ndani ya soksi ya sufu. Hajra ametia na tunda zima. Maabara yote ilinukia kama uani kwetu Kashmir, nikashindwa kufanya kazi mpaka mchana.

Ute umeshika! Siku ya tatu kidonge kipo palepale na dawa inatoka polepole. Profesa ameacha habari za ndoa.

Sunanda

Muthi
1 Desemba 2003

Sunanda,

Nitumie kimoja, ndani ya soksi hiyohiyo. Mbuzi hakulalamika, nami sitalalamika.

Shangazi

Pune
15 Desemba 2003

Shangazi,

Mbuzi alikuwa amekufa. Siwezi. Kabla hakijamgusa mwanamke yeyote kuna majaribio, kuna ruhusa, kuna miaka. Kikikuchubua, na sukari yako ile, kidonda hakitapona. Nikasirikie, lakini nijibu.

Sunanda

Pune
2 Februari 2004

Shangazi,

Nagusa miguu yako. Tangu Desemba hujaniandikia. Bansi aliniambia kwenye simu, "Mama hakai. Anazunguka kambi kutwa."

Nimehangaika na gundi nikasahau ulichonieleza. Vile vidonge vya usiku saba vinatibu leo. Ulichokosa ni mlango. Mimi ninao. Njoo navyo, nitalala kwa rafiki yangu, chumba kitakuwa chako. Tiketi ya treni imo humu.

Binti yako, Sunanda

Muthi
11 Februari 2004

Sunanda,

Uishi miaka mingi. Nimemwambia Bansi nakuja kukutafutia mume, kwa hiyo mkewe amenifungia chakula cha harusi nzima. Soksi ya Hajra uitunze, nitarudi nayo.

Nitashuka Pune Jumatano ya tarehe 25, asubuhi. Vidonge ninavyo. Nijibu jambo moja tu, maana tangu tutoke kwetu sijalala penye kitu hicho: komeo la mlango wako liko upande wa ndani?

Shangazi yako, Dulari