Nimekuja Kupokea Lindo, Yaya

Kwako Yaya, ndiyo kaka mkubwa kwa lugha ya kwetu, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja,

Nakusalimu miguu pamoja na mkono kwenye kofia, kama ulivyonifundisha. Najua ungecheka kuniona nimeshika kalamu. Mimi ni mtu wa mdomo. Nimeongea lugha sita katika miji tisa, nimemchekesha askari wa mpakani mpaka akanikatia nusu ya mkate wake, lakini kalamu na mimi tuliachana darasa la sita na hakuna aliyemlilia mwenzake. Leo imebidi turudiane. Yaliyotokea niliyanyamazia mbele za watu, kwa hiyo barua hii nataka isomwe mbele za watu, tena wale wale.

Unakumbuka siku uliyoniajiri? Ilikuwa mwaka 2016, kwenye ule ua wa kampuni yetu ndogo ya ulinzi pale Doornfontein. Tulikuja wanaume kumi na wawili kutafuta kazi, kila mmoja na nguo alizonyoosha kwa pasi ya kuazima. Ukatoka na ile kofia yako, ukatupanga ukutani, ukasema, "Nitarudi." Ukaenda zako. Jua likatupiga. Baada ya saa moja watu wakaanza kuondoka, mmoja anakwenda kunywa maji, mwingine anakwenda kupiga simu. Uliporudi tulibaki wawili, mimi na Sbu, yule kijana wa Soweto.

"Mlikuwa mnaningoja?" ukauliza.

"Hapana, chef," nikakujibu, maana kwetu mkubwa wa kazi ndiye chef. "Nilikuwa namsimulia huyu habari za Lusaka, na hadithi haijaisha."

"Umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka pale mwalimu aliponichoka."

Hukucheka. Uliniangalia viatu, ukaniangalia uso, ukasema, "Utafaa, petit. Mwenye mdomo kama huo hawezi kusinzia." Tangu siku hiyo nikawa petit wako, mdogo wako, na walinzi wengine wakanipa jina la Waziri, kwa sababu nilikuwa na jibu la kila kitu na wizara sina hata moja.

Baadaye ndipo ulinieleza kwamba na wewe uliajiriwa hivyo hivyo, kwenye kituo cha polisi cha kale kamji kenu. Polisi kumi na mmoja, baiskeli moja, filimbi mbili. Kamanda wenu aliwasimamisha ukutani akaenda kula, na waliobaki ndio waliovaa sare. "Shule ya polisi nilikwenda baadaye," uliniambia. "Lakini ukuta ndio ulionifundisha."

Ukatufundisha sisi kwa mtindo wa kituo hicho. Kampuni nyingine hapa mjini, mlinzi akija kumpokea mwenzake wanagonganisha ngumi, "Sharp, bra," ndiyo poa ndugu ya hapa, yule anakwenda zake. Kwako ilikuwa mwiko. Lazima anayetoka asimame mbele ya anayeingia, ataje kwa sauti kila kitu anachokiacha, na anayeingia akiangalie kwa macho yake kabla ya kusema neno.

"Geti moja. Kufuli mbili. Ndoo ya mchanga wa moto. Kiti kimoja, mguu mbovu. Kina mama saba ndani, wanashona. Nakukabidhi lindo."

"Nimepokea lindo."

Kisha unaandika kwenye kitabu cha matukio, saa na dakika. Na sheria yako ya kitabu ilikuwa moja tu: usiandike usichokiona. Siku moja niliandika "wezi watatu wamekimbia baada ya kuniona", ukaniuliza umewaona wapi, nikasema sikuwaona kwa sababu walikimbia. Ukanifanya nifute mstari mzima mbele ya Sbu. Eish, alinicheka wiki nzima, jamani.

Tulikuwa tunakusema nyuma ya mgongo kwamba unajifanya jenerali wa kiti kibovu. Mimi ndiye niliyelitunga jina hilo, leo nakiri, na lilipendwa sana.

Nilikuja kujua sababu Jumapili moja nyumbani kwako Bellevue, katika kile chumba chenye pazia katikati. Shemeji Furaha alikuwa anamsuka mteja upande wa pili na harufu ya mafuta ya nywele ilitufuata mpaka kwenye sahani. Ulinisimulia jinsi polisi wa kale kamji mlivyogoma. Mlitaka viatu. Miaka miwili mnafanya doria na ndala, wahalifu wanawacheka. Asubuhi moja mkakubaliana, mkatoka wote kumi na mmoja, mkaenda kukaa chini mbele ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Zamu ilikuwa yako. Ulitoka na wenzako bila kumkabidhi mtu. Ndani ya mahabusu kulikuwa na mzee mmoja aliyekamatwa kwa ugomvi wa mipaka ya shamba. Siku mbili. Hakuna aliyemkumbuka, maana kila mmoja alidhani kuna mwenzake kituoni.

"Alikufa?" nikauliza.

"Hapana. Alikuwa amelamba ukuta, petit. Nilimfungulia mlango akapita, hakuniangalia. Viatu tulipewa. Mimi vyangu sikuweza kuvivaa."

Nikachukua sahani yako na yangu nikaenda kuziosha, mimi ninayekuwa na mzaha mpaka msibani.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, ndiyo sababu ya barua.

Mwaka 2018 tulichoka. Tunasimama saa kumi na mbili kwa siku, tunalinda jengo lenye vyoo tisa, na hatuna ufunguo wa hata kimoja. Mtu mzima mwenye rungu unavuka barabara kumwomba muuza vipuri akuruhusu. Tukaandika barua kwa meneja, yule mzee wa kaptula majira yote. Akajibu kwamba ataliangalia. Aliliangalia miezi mitano. Walinzi wakanichagua mimi na Sbu tuwe wasemaji, Sbu kwa sababu ana akili na mimi kwa sababu nina sauti. Tukapanga kugoma na kuandamana mpaka Newtown, ambako walinzi wa kampuni nyingine wangetungoja.

Na wewe hukutupinga, Yaya. Hili nataka lisomwe taratibu. Ulisema, "Madai ni ya haki, na mimi nitatoka. Lakini geti sitaliacha tupu, ndani kuna kina mama saba, umeme wa jengo hili mnaujua, wakati wowote unaweza kuwasha moto. Nipeni mtu nimkabidhi."

Sbu akasema, "Baba, ukimkabidhi mtu, huo si mgomo tena."

Nikaingilia, mwanadiplomasia mkubwa. "Tulieni wote. Yaya, saa sita kamili mchana nitakuja mimi mwenyewe. Nitakupokea rasmi, kufuli mbili, kiti kimoja. Wewe utaondoka safi. Mimi nitawatoa kina mama, nitafunga geti, nitaondoka. Dhambi iwe yangu. Nina nyingi, moja haitaonekana."

Ulicheka siku hiyo. Ukanipa mkono. "Saa sita, petit."

"Saa sita, Yaya. Mimi na saa ni ndugu."

Saa sita nilikuwa Newtown, juu ya gari dogo la mizigo, nimepewa kipaza sauti.

Nitakwambia ukweli ambao sikumwambia mtu. Sikusahau. Nilisikia mtu akitaja saa, nikajua unaningoja. Lakini watu walikuwa wananishangilia kwa lugha ambazo sikujua kama ninazijua. Nikasema sentensi moja zaidi. Wakapiga kelele. Nikasema nyingine. Nilisema vichekesho vya choo vyote nilivyokuwa navyo na vingine nikavitunga pale pale, na kwa kila kimoja nilikuwa najiambia hiki ndicho cha mwisho. Kumbe saa saba imeshapita.

Tulirudi Doornfontein kwa nyimbo, mimi na Sbu mbele. Tulipokata kona nikakuona. Umesimama getini, sare imenyooka, kofia kichwani. Jua lote lile na kiti hukukikalia. Mtu nyuma yetu akapiga kelele, "Impimpi!" Unajua neno hilo linafanya nini katika mji huu, ndilo la msaliti, na likishatajwa halina tena mwenyewe. Wote wakaliitikia. Neno langu moja lingetosha. Mwacheni, ananingoja mimi. Nilikuwa bado nina kipaza sauti mkononi, Yaya. Mkononi!

Nusu ya tofali ilipita juu ya bega langu. Aliyeirusha simjui mpaka leo. Ilikupata juu ya sikio.

Ulipiga goti moja, ukasimama. Damu ikaingia kwenye kola. Ukanitafuta kwa macho katika umati ukanipata, ukasema kwa Kiswahili, kwa sauti yako ile ya kazini, "Waziri, umechelewa. Pokea lindo."

Sbu akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikamjibu, "Sijui. Amechanganyikiwa."

Nikageuza uso. Nikaenda na wenzangu.

Wiki iliyofuata meneja akatuita mmoja mmoja. Alikuwa na kitabu cha matukio mezani, anatafuta nani aliacha lindo bila kupokelewa. Sbu alifukuzwa, na wengine wanne. Nilipoingia mimi, akafungua ukurasa, akaugeuza nione. Ulikuwa mwandiko wako, umelala upande mmoja kama mtu anayeandika ameegemea ukuta, na alama ya kidole ya rangi ya kahawia pembeni. "Saa nane na dakika kumi. Waziri alikuja kunipokea. Umati ulimzuia."

Wewe, ambaye ulinifutisha wezi watatu!

Meneja akasema naonekana mtu wa kutegemewa. Miezi mitatu baadaye kichwa chako kilipokataa kazi, maumivu hayaishi, maneno yanakupotea, wakakuondoa wakanipa nafasi yako ya kufundisha wapya. Nikaipokea. Nikaja Bellevue kukuona kama mtu anayekuja kutembea tu, nimebeba machungwa. Ulikuwa umelala nyuma ya pazia. Ukaniuliza geti liko namna gani. Nikasema liko sawa. Ukauliza, "Kiti?" Nikasema bado kibovu. Ukatabasamu. Sikukuomba msamaha, nilikaa nikakusimulia habari za Lusaka.

Hukuinuka tena, na kwenye mazishi yako walinzi hawakuja. Hapa mlinzi akifa, wenzake wanakuja na sare wanapanga mistari miwili, unajua. Kwako walikuja watu wa kanisa na wale kina mama saba wa vyerehani, ambao siku ile walitoka kwa mlango wa nyuma wakiwa wazima kwa sababu wewe ulisimama getini mbele ukaukabili umati. Nilibeba jeneza upande wa mbele. Nikapewa nafasi ya kusema, nikasema vizuri sana, watu walicheka na kulia, mtu akanisifu kwamba ningekuwa mchungaji. Sikusema jambo hata moja kati ya haya. Mtoto wako wa kwanza, anayesikia Kiswahili lakini anajibu kwa Kizulu, aliniuliza nyumbani kama ni kweli baba yake alikuwa impimpi. Waliomwambia ni watoto wa mtaani. Nikampa biskuti, Yaya. Mtoto ananiuliza jina la baba yake, nampa biskuti.

Ufunguo wa choo tulipata. Unaning'inia kwenye msumari kando ya geti. Kila nikiutazama nakumbuka viatu vyako ambavyo hukuvivaa.

Basi nimeandika. Nakala moja nitampelekea Sbu, siku hizi anauza simu karibu na stesheni, na atanitukana kwa haki. Nakala ya pili namwekea meneja juu ya meza, ajue kwamba mstari ule si wa kweli na kwamba aliyeutumia kubaki kazini ni mimi. Atafanya analotaka. Ya tatu nitaisoma mwenyewe Jumapili katika ukumbi wa kanisa, walinzi wameahidi kuja kwa sababu nimewadanganya kuna chakula. Mwanao nitamkalisha mbele. Najizoeza kuisoma peke yangu chumbani toka sasa, mimi niliyehutubia Newtown nzima.

Lakini kwanza nilikuja getini leo, saa sita mchana, na saa yangu niliilinganisha mara mbili. Nikasimama pale ulipopiga goti. Nikavitazama kimoja kimoja kwa macho yangu, kama ulivyotaka.

Geti moja. Kufuli mbili. Ndoo ya mchanga wa moto. Kiti kimoja, mguu nimeupigilia misumari. Ufunguo wa choo, mmoja. Kina mama saba ndani, wanashona, mmoja amenipungia mkono. Shemeji Furaha, nyuma ya pazia lake Bellevue. Watoto wawili. Jina moja, lako, limechafuliwa bila kosa.

Nimepokea lindo, Yaya. Unaweza kwenda.

Mdogo wako uliyemngoja,
Waziri