Hatua Nilizofichwa

Shoga, nimetoka kliniki sasa hivi, nina hasira!

Nesi kauliza, mtoto anatembea? Nikasema bado, na ana miezi kumi na sita. Machozi yakanilenga. Akaanza kuandika barua ya kutupeleka kwa daktari.

Mama mkwe, niliyekwenda naye, akakohoa. "Usiandike, mwanangu. Anatembea wiki ya tatu sasa."

WIKI YA TATU! Na mimi kila siku namkanda miguu kama mjinga!

Eti wote nyumbani walinificha nisiumie kwamba hatua ya kwanza imenipita nikiwa kazini. Eti nikirudi wanamkalisha, ili siku moja aanze mbele yangu.

Nikamuuliza, na mtoto anakubali tu kukalishwa?

"Siku hizi hatumkalishi. Akisikia funguo zako mlangoni, anakaa mwenyewe."