Nani kamaliza ningu wa Mwamanyili?

Dada Kabula, mwangaluka huko Somanda! Mvua imenifungia ukweni Mwamanyili, na ubishi ni mmoja: mbona samaki ningu hawapandi tena mtoni kutaga? Baba mkwe anamlaumu sangara, eti anawameza ziwani. Shemeji anasema ni dawa ya pamba inayosombwa na mvua hadi mtoni. Tangu soko liwe huria, kila duka lina ya kwake. Mama mkwe anapaza sauti toka jikoni: "Ni nyavu zenu mlangoni mwa mto!"

Mbele yetu, bakulini, kalala ningu kajaa mayai, na mayai hapa hupewa mkwe. Nimeyamaliza, nikafuta mdomo, nikatoa hukumu: ni sangara.

Nawakumbuka sana. Ningewaletea mayai kidogo, ila ushahidi haubebwi.

Mdogo wako,
Masanja