U ni Kaimu

Jumanne, 2 Novemba 1971
Hesabu nne kabla ya futari. Mrisho, mume wangu, kapata mbili. Ni karani wa reli, ana miaka thelathini na mbili, na tarehe kumi na tano anafanya mtihani wa Kidato cha Sita kama mtahiniwa wa kujitegemea. Akifaulu anakwenda Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Miaka mitatu. Na anayemfundisha ni mimi. Mchana watoto wa watu, alasiri mume. Midomo mikavu, chaki hakuna, tunaandika kwa mkaa sakafuni.

Alhamisi, 4 Novemba
Tumeingia kwenye integresheni ya kubadilisha. Nimempa 2x(x² + 1)³. Kaona upesi: yaliyo ndani ya mabano yaitwe u, na 2x dx inakuwa du. Ikabaki u³ tu, nyepesi. Akatoa u⁴/4 + c. Akaweka mkaa chini, uso umemchangamka. Hajamaliza. Swali halikuwa na u, ilibidi arudishe x² + 1 mahali pake. Nilifungua mdomo nimwambie. Nikaenda kukoroga uji.

Jumamosi, 6 Novemba
Mkutano wa nyumba kumi umetumalizia mchana. Tuliporudi Mrisho kafanya tano. Zote zimeishia na u. Nikampigia vema zote tano. Mimi, mwalimu mwenye cheti.

Sitaki aende. Haya, nimeliandika. Miaka minne ya ndoa hatujalala mbali hata wiki. Nikinyamaza siku tisa tu, anabaki.

Jumatatu, 8 Novemba
Mama mkwe kaja kutoka Kwihara na viazi vya futari. Nikamwamkia, akaitikia marahaba huku anamtazama mwanawe. Mrisho kapewa jina la babu yake mzaa mama, kwa hiyo mama yake humwita baba. "Baba, unakonda na madaftari hayo."

Alipoondoka, Mrisho akaniambia babu huyo alikufa hajui kuandika hata jina lake. Nikifaulu, mama atasema baba yake kasoma, akasema. Najichukia.

Jumanne, 9 Novemba
Nimemwambia. Hesabu zote tano ni kosa, x lazima irudi.

Akabisha. Irudi kwa nini? Yeye kawekwa mahali pa babu tangu azaliwe, mama anamwita baba, na hakuna siku aliyoambiwa toka, mwenyewe anarudi. Nikacheka hadi nikakaa chini. Kumbe mwenzangu anaifanyia hesabu urithi wa jina!

Nikamwambia u si mrithi. U ni kaimu. Kazi ikiisha, mwenye kiti anarudi na kaimu anaondoka. Hapo akaelewa papo hapo, maana reli kila mwezi kuna anayekaimu.

Nikamwambia na lile jingine, kwamba kosa nililiona tangu Alhamisi. Akafuta sakafu kwa kiganja. Akasema, "Tuendelee, mwalimu."

Hakusema kanisamehe. Sikuthubutu kuuliza.

Ijumaa, 12 Novemba
Kumi kwa kumi. Zote zimerudi kwenye x. Leo kaniita mke wangu, si mwalimu.

Jumatatu, 15 Novemba
Nimemsindikiza kwa miguu hadi lango la shule ya mtihani. Shati nililipiga pasi mara mbili. Sijui nilifundisha nini darasani kwangu leo.

Karudi saa kumi, macho mekundu. "Swali lile lilikuja. Nimemtoa kaimu." Nikafurahi, kweli nikafurahi. Nikaingia jikoni nikalia, nikasingizia moshi. Hakuna moto uliowashwa.

Jumapili, 21 Novemba
Idi imepita. Mvua tangu asubuhi. Majibu bado miezi.

Mrisho kaomba nimfundishe kupika wali, kule chuoni hatakuwa na mtu. Nikampa sufuria nikakaa pembeni, mikono nimeifunga kwenye khanga isije ikamsaidia. Chini umeungua, juu mbichi. Kaniuliza ukoje. Nikamwambia ukweli, maji yalikuwa machache na moto mkali. Tumeula wote. Kesho anapika tena.