Dereva Aliyekataa Kulala

Kendi mwanangu,

Nakuandikia kwa kalamu ingawa kompyuta yako iko hapa mezani mbele yangu, imefungwa. Ungenicheka. Ulikuwa ukisema mwandiko wangu bado unanuka chaki. Basi univumilie, maana nina jambo la kukueleza, na unajua baba yako hawezi kueleza jambo bila kulianza mwanzo.

Nyumba haijaezekwa. Nimetanguliza hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Kuta zimefika juu, madirisha yako pale pale ulipoyachora, na fundi Kirimi amezifunika kuta kwa karatasi ya nailoni na kuweka mawe juu yake ili mvua isizile. Mama yako bado anakaa katika nyumba ya zamani, na maji bado yanaingia jikoni kama yalivyoanza wakati wa mvua za El Niño. Yakiingia, tunamwinua na kiti chake tunamweka karibu na mlango, kwa kuwa ile miguu haimsaidii tena.

Ulipokuja mara ya mwisho ulisimama nje ukautazama mteremko, kisha ukayatazama mabati ya jikoni. Ukasema, "Baba, si mlima unaommwagia mama maji. Ni paa lenu. Nimepata njia, subiri uone." Nikakuuliza njia gani. "Wewe subiri. Ukiielewa kabla sijaichora, utaanza kuifundisha." Mama yako alicheka mpaka akakohoa. Ukarudi Embu, na kutoka Embu ukaenda Kiritiri kumpimia mtu ploti, na huko chini kwenye joto ukapata ile homa. Sisi tuliokulia kwenye baridi ya Kibirichia miili yetu haiijui malaria. Nilifika hospitali nikakukuta hai, lakini hukunijua.

Siku tulipokuja kukuchukua, Njeru, yule mliyechora naye ramani ofisini, alinipa kompyuta yako katika mfuko wake mweusi. Alilia kwanza, kisha ndipo akaweza kusema. "Mzee, hii usiizime. Kazi yake ya mwisho iko wazi huko ndani, hakuwa ameihifadhi. Ni nyumba yenu, na paa liko. Nilimwona akilichora. Lakini ukiiamsha inataka neno la siri, na mimi nimejaribu yote nikashindwa. Labda nyumbani mnalijua." Nikamwuliza kama betri itafika. "Imelala, Mzee. Ikilala haili kitu. Itafika na ibaki." Kuiacha pale kwenye umeme hakukuwezekana, kwa maana mwenye jengo alikuwa amemtoa Njeru katika chumba chenu cha ofisi na meza zilikuwa tayari nje.

Muriungi, jirani yetu mwenye pikapu, aliendesha polepole, taa zikiwaka, kama inavyofaa. Wewe ulikuwa nyuma pamoja na wajomba zako. Mimi nilikaa mbele na mfuko magotini. Tulipopita Chuka nikahisi joto. Lilitoka ndani ya mfuko likafika mapajani mwangu.

Joto lile lilinifariji, Kendi. Asubuhi nilikuwa nimekushika mkono, ukawa baridi kama jiwe la mtoni. Sasa kitu chako kilikuwa na joto. Nikakizungushia sweta yako ya buluu ili lisipotee, nikakikumbatia hivyo njia yote. Meru mjini kulikuwa na umeme kila upande wa barabara, na sikumwambia Muriungi asimame. Unasimamishaje jeneza uombe watu umeme, na umeambiwa kitu kimelala?

Nyumbani watu walikupokea kwa nyimbo. Walipotulia nilimwendea mama yako, nikamwekea kompyuta magotini, nikamweleza habari ya neno la siri. Hakufikiri hata kidogo. "Suti," akasema. Yule mbuzi wako mweusi mwenye kifua cheupe, aliyeonekana kama mzee wa kanisa siku ya harusi. Mimi ningetaja majina ya shule zote ulizosoma na nisingemfikia Suti. Nikafungua kifuniko. Kioo kilikuwa cheusi. Nilibonyeza kila palipobonyezeka. Ndani ya sweta bado kulikuwa na uvuguvugu, lakini betri ilikuwa imekwisha. Mama yako alirudia, "Suti. Andika Suti." Akadhani sikumsikia.

Baada ya mazishi niliipeleka Meru kwa Makena, fundi wa kompyuta mwenye chumba nyuma ya soko. Akaichomeka kwenye umeme, ikaamka, ikauliza neno. Nikaandika Suti, ikakubali mara moja. Nyumba ikaja mstari kwa mstari: msingi, kuta, milango, jiko likiwa limeunganishwa na chumba cha mama yako. Nikangoja paa. Makena naye akangoja pamoja nami, kwa heshima. Halikuja. Kilichokuja ni kile ulichokuwa umekihifadhi kabla. Kilichobaki wazi kilikufa njiani, mikononi mwangu.

Nikamwuliza ilikuwaje, maana niliambiwa imelala. Akaichunguza, akasema, "Mzee, shida ni dereva."

Nikamwambia, "Hapana, binti yangu. Dereva hakukosa. Alienda polepole kwa sababu tulikuwa na maiti."

Alinitazama akaona sitanii. Hakucheka. Alivuta kiti akanieleza, nami nakueleza wewe, ingawa ulizijua kazi hizi kuliko sisi sote. Sehemu ya kompyuta inayochora picha ina programu yake ndogo ya kuiongoza, na mafundi huiita dereva. Ukifunga kifuniko, kompyuta huziuliza sehemu zake zote kama ziko tayari kulala. Moja ikikataa, zote hubaki macho. Dereva wako wa picha ndiye aliyekataa. Kifuniko kimefungwa, taa ya kioo inawaka gizani ndani ya mfuko, na betri inaliwa. Ofisini hamkujua kwa sababu ilikuwa kwenye umeme siku zote, na kwenye umeme inakuwa na adabu kama mtoto mbele ya wageni. Makena alisema dereva huyo ni mpya, amewekwa hivi karibuni, wa aina inayoifanya michoro itoke haraka na kwa mistari safi. Nilijua ni wewe uliyemweka, na nilijua ni kwa ajili ya nyumba gani.

Lile joto, basi, lilikuwa betri ikikwisha.

Niliporudi nilimwambia mama yako mbele ya majirani kwamba aliyemaliza betri ni dereva. Nilikusudia kueleza zaidi, lakini nilitoka nje kabla sijamaliza. Unaijua Kibirichia. Jumapili haikufika kabla ya Muriungi kuja na nusu gunia la viazi, kofia mkononi. "Mwalimu, nasikia ati ni dereva alimaliza betri ya Kendi. Mimi hata huo mfuko sikugusa. Redio yenyewe nilizima tangu Embu."

Nikamketisha nikamweleza yote, kwa upole, kama darasani. Alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hivyo kuna dereva mwingine huko ndani?"

"Yuko."

"Na ana leseni?"

Mama yako alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tukuzike. Kisha kicheko kikageuka kilio akiwa bado anacheka, na Muriungi akashika kofia yake asijue aende au abaki. Tulipika vile viazi tukala pamoja.

Tangu hapo nimejaribu kulichora paa mwenyewe. Nimefundisha hesabu na jiografia maisha yangu yote, najua maji hufuata mteremko, najua pembe na vipimo. Nachora, nafuta. Njeru nimemwuliza; anasema alikuona tu ukilichora, mistari yenyewe hakuitazama. Kwenye mchoro wako uliohifadhiwa, pembeni mwa jiko, kuna duara dogo lisilo na jina. Kirimi anasema ni tangi, paa lingemwaga maji humo. Mama yako anasema ni mahali pa kumfunga mbuzi, kwamba ulimwahidi Suti mwingine. Nimelitazama duara hilo mpaka macho yanaleta machozi, na siwezi kujua. Naweza kumweleza mtu yeyote jinsi paa letu lilivyopotea, sehemu gani ilikataa nini, na kwa nini. Kueleza huko hakujaniletea hata bati moja.

Mvua iko karibu. Kirimi hawezi kuendelea kungoja, na mama yako hawezi kuendelea kuinuliwa na kiti. Kwa hiyo ataezeka paa la kawaida, la pande mbili, kama la kila mtu. Nimemwomba jambo moja tu: upande ulio juu ya duara lako, mabati ayafunge kwa waya, asiyapigilie misumari. Amekataa. "Mwalimu, upepo wa huku utayapeleka Isiolo." Tumebishana, na mwisho amekubali kutumia waya mnene. Hajui kwa nini nataka hivyo. Nataka upande huo uweze kufunguliwa, iwapo siku moja nitaelewa, au Njeru ataota ulichokuwa ukikichora. Sina matumaini makubwa. Lakini kupigilia misumari pale, huko siwezi.

Makena alimtoa dereva yule akamrudisha wa zamani. Michoro sasa inatoka polepole, lakini nikifunga kifuniko kompyuta inalala kweli. Ilinichukua muda kuamini. Mara ya kwanza niliigusa nikaikuta baridi, nikashtuka, nikaifungua upesi, na nyumba yako ikawa pale pale, mzima kila mstari wake. Makena alikuwa ameniambia: "Ikiwa baridi, Mzee, usiogope. Hiyo ndiyo imelala vizuri." Nimekuwa mwalimu miaka mingi, na hilo ndilo somo gumu kuliko yote niliyopewa.

Nakuahidi mambo mawili. Waya ule nitaukagua mwenyewe kila baada ya upepo, nikiwa na nguvu ya kupanda ngazi. Na kompyuta hii sitaifunika tena kwa kitu chochote. Nitaifunga, niweke kiganja juu yake, na ningoje mpaka ipoe.

Sweta nimempa mama yako. Yeye ndiye anayehitaji joto. Wewe lala, mwanangu.

Baba yako