Mama Amempaka Mnunuzi Siagi

Bondeni, Nakuru
9 Agosti, 1957

Mpendwa ndugu yangu Kiprugut,

Chamgei. Natumaini u mzima huko Kampala, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa. Sisi huku tu wazima. Miguu ya mama inamuuma asubuhi, lakini akishapata jua anatembea. Upepo wa mwezi huu unatuletea vumbi la ziwani mpaka kwenye uji. Nimekusalimu vizuri kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Sasa, kama umesimama, kaa chini.

Nyumba nimeitengeneza kama ulivyoagiza. Ulisema ipakwe chokaa, nimepaka. Ulisema bati linalovuja upande wa jikoni lizibwe, nikamwita fundi Peterson, akapanda, akaziba. Sakafu nimeipaka mwenyewe kwa mavi ya ng'ombe niliyobeba kichwani kutoka shamba la Mzungu wa maziwa, na mgongo wangu mpaka leo haujanisamehe. Ulisema pia vibuyu vya mama viondolewe ukutani, ati vinanuka moshi na wanunuzi wa siku hizi hawapendi. Ebo! Wewe uliyekunywa kwenye vibuyu hivyo mpaka ukaota ndevu, leo pua yako imekuwa ya nani? Hivyo sikuviondoa.

Desturi naijua kama wewe. Baba alipokufa hakuna aliyebisha. Kiwanja ni cha manispaa, lakini kuta na mabati ni jasho la baba, na nyumba ya mama huenda kwa kitinda mimba, ambaye ni wewe. Hata kaka yetu Kiplangat hakutia neno, naye ndiye aliyebeba mawe ya msingi pamoja na baba. Ndiyo maana nilitii. Lakini anayepewa nyumba ya mama anapewa na mama ndani yake. Wewe umechukua kuta ukaacha mtu. Uiuze ukafungue hoteli na rafiki yako, na mama apelekwe Litein akakae jikoni kwa mke wa mjomba! Mgeni siku mbili. Ya tatu unaijua mwenyewe. Kiplangat angemchukua, lakini huko kwenye majani chai ya Kericho wamejazana na watoto katika chumba kimoja. Huna haya, Kiprugut. Nasema tena, huna haya.

Habari zangu hukuuliza, na hilo nimelizoea. Mjane anayeuza sukuma sokoni hakosi pa kujibanza.

Lililonichoma zaidi ni pale ulipoandika nimwambie mama polepole. Polepole! Kuna polepole gani ya kumwambia mtu atoke kwake? Nilijaribu, usidhani sikujaribu. Siku nilipoanza kukoroga chokaa akaniuliza umesema nini. Nikamwambia umesema nyumba itengenezwe iwe safi. Nilikuwa navuta pumzi niendelee, mama akapiga makofi, akapiga vigelegele peke yake pale uani. Akasema, "Mtoto anaoa! Nilijua tu. Mwanamume haagizi sakafu ipakwe kama haleti mtu."

Ungemlaumu? Kwetu nyumba ikipakwa upya ghafla, mtu anauliza harusi ni lini. Nani amewahi kuona nyumba inapambwa ili mama afukuzwe? Nikasema nitamwambia kesho, na kesho yake nikamkuta anaosha vibuyu huku anaimba.

Basi Jumamosi iliyopita akaja mnunuzi wako, Mzee Jonah, yule mwenye duka la ngozi Molo. Hakuja peke yake. Wanataka kuhamia mjini, kwa hiyo alikuja na mkewe na binti yao mkubwa, Jelagat, msichana mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani. Mama alipowaona wanashuka kwenye lori mlangoni, alinifinya mkono mpaka nikaumia.

Mzee Jonah akagonga ukuta kwa ngumi. Mkewe akatazama mabati, akauliza kama mvua inapita. Mama hakukasirika hata kidogo. Aliniambia sikioni kwamba hao ni watu wenye akili, wanaangalia kama mtoto wao atanyeshewa.

Kisha, kabla sijajua nifanye nini, akaleta siagi. Ndiyo, Kiprugut, siagi ya ukwe, ile wanayopakwa wakwe posa ikikubaliwa. Akampaka Mzee Jonah kwenye paji la uso, akampaka na mkewe, akamwita Jelagat mwanangu, halafu akateremsha kibuyu chako ukutani. Kile chako mwenyewe, kisichoguswa na mtu. Akawamiminia mursik, maziwa yaliyogandia humo, na harufu ya mkaa wa mti wa senetwet ikajaa chumba kizima.

Mzee Jonah si mtoto. Alikunywa kidogo na siagi yake usoni, kisha akaniita nje kando ya lori.

"Huyu mama ni nani?"

"Ni mwenye nyumba."

"Kijana aliniambia nyumba iko tupu."

Haki ya Mungu, hapo nililia, na si kwa huzuni, ni kwa hasira. Ulimwambia nyumba iko tupu! Mama yako yumo ndani anapumua, anakohoa, anakuombea kwa jina lako kila akifunga mlango, nawe unawaambia watu iko tupu! Nilimweleza mzee yule yote, sikukufichia hata moja. Kama jina lako limeharibika Molo, shauri yako.

Alitikisa kichwa. Akasema, "Mwanangu, nimenunua vitu vingi. Lakini nyumba ya mama aliyenipaka siagi siwezi kuinunua. Humo ningelalaje?" Akarudi ndani, akamaliza maziwa yake, akamwambia mama nyumba ni nzuri na mabati hayavuji. Wakaagana kwa heshima wakaondoka, na siagi hawakuifuta.

Kwa hiyo mnunuzi huna. Na usihangaike kutafuta mwingine, maana Bondeni nzima inajua unaoa Molo. Kina mama wa kanisa wanashona vitambaa vya meza. Jirani yetu Mama Wawira ameshaahidi vikombe. Mimi nikipita sokoni napewa pongezi, najibu asante huku nimeuma meno.

Mama sijamwambia, wala sitamwambia. Kazi yako hiyo, na polepole yako njoo nayo. Panda gari la moshi, uingie mlangoni, umtazame usoni, umwambie hakuna bibi harusi wala ukwe, kuna hoteli. Ukiweza kulisema hilo huku anakushikia kibuyu, basi mimi nitafunga vitu vyake kwa mikono yangu na hutanisikia tena nikikugombeza.

Kuna neno moja nilitaka kulimeza, lakini acha nawe likuume. Chumba kile kikubwa mama hakikanyagi tena. Anasema sakafu mpya isichafuliwe kabla mkeo hajaiona. Ametoa ngozi yake ya kulalia, analala jikoni kando ya mafiga, na miguu yake hiyo. Nimemsihi, hataki kusikia. Kwa hiyo uongo uliomwambia Mzee Jonah sasa umekuwa kweli. Chumba kimepakwa, kimefagiwa, na kiko tupu.

Kiplangat anakusalimu, ingawa salamu zake nyingine siwezi kuziandika. Binti yangu Cheptanui anamsalimu mjomba wake na anauliza utamletea nini. Mama Wawira naye anakusalimu, anataka kujua wageni watakuwa wangapi.

Mama amekaa hapa mlangoni ninapoandika. Anasema nikwambie usikimbie kazi kwa ajili yake, sakafu imeshakauka, itakungoja.

Mungu akulinde njiani, maana njia ni lazima uishike.

Wako akupendaye, na leo kwa shida,
dada yako,
Chepngeno