Udongo Wako Tumeurudisha

Mama,

Nimeotesha majani mlangoni kwako. Najua umeshanuna. Subiri kwanza nikueleze, maana jirani yako Bi Somoe amekwisha kunisema kijiji kizima cha Lionja, na sitaki habari hizi uzipate kwake siku atakapokuja kukusomea dua.

Baada ya arobaini yako nilifunga nyumba, nikarudi Ruangwa kwa mume wangu. Nilipokuja tena baada ya mvua, ile kona ya chumba chako ilikuwa na ufa unaoingia vidole. Nikamwita fundi, Chande. Nilitegemea aseme matofali yamechoka, lakini ukuta hata hakuutazama. Alichuchumaa, akanionyesha mawe ya msingi yalivyotokeza nje, mengine yananing'inia, na chini yake kuku ametaga.

"Dada, uwanja huu unafagiliwa tangu lini?"

Nikamjibu kwa majivuno kwamba ni kila alfajiri, tangu sijazaliwa, na kwamba mama hakuacha hata akiwa na homa.

"Basi ndiyo hivyo," akasema. "Mmeufagia mpaka msingi umetoka nje."

Nilitaka kumfukuza. Mtu mzima anasimama kwako na kuniambia mama yangu ameiangusha nyumba kwa usafi! Lakini alinionyesha ukutani alama ya udongo wa zamani, mahali uwanja ulipofika siku mlipojenga wewe na baba. Ilinipita goti.

Nikakaa kwenye ngazi nikalia. Si kwa ajili ya ufa. Nilipokuwa mdogo tuliingia ndani kwa hatua moja tu. Baadaye ukaweka jiwe la kukanyagia, kisha jiwe la pili. Miaka ya mwisho ulikuwa unashika fremu ya mlango, unavuta pumzi, unaniuliza, "Salma, nyumba hii inapanda, au ni mimi ninayeshuka?" Nami nikacheka. Nikakuambia huo ni uzee, upake magoti mafuta. Kumbe magoti yako yalikuwa yanasema kweli. Uliulaumu mwili wako, na mimi nikakusaidia kuulaumu. Nisamehe, Mama.

Bahati nzuri udongo wenyewe haukwenda mbali. Unalijua lile tuta kando ya mipapai, ulikokuwa unasukumia takataka zako kila asubuhi, halafu ukashangaa maboga yanavyokubali pale. Chande alipomaliza kuijenga upya ile kona na kuziba chini ya msingi kwa mawe na saruji, tulianza kulirudisha tuta lako, toroli kwa toroli, siku tatu. Udongo niliuchekecha mwenyewe. Vilitoka vifungo, maganda ya korosho, kandambili ya mguu mmoja, na kile kijiko cha chai. Kile kile ulichonichapia ukisema nimekipoteza kisimani. Ulikifagia mwenyewe, Mama. Nimekiosha, nakorogea chai, na bado nasubiri uniombe radhi.

Tukaushindilia udongo, tukauinamisha nje ili maji ya bati yasirudi ukutani. Hapo Chande akasema bila majani utaondoka tena kama ulivyoondoka, tuoteshe ukoka. Nilimkatalia siku mbili. Nilikuwa nakusikia kabisa: "Mtu akiona majani mlangoni anajua nyumba hii imehamwa." Na nyoka ulivyokuwa unawaogopa! Bi Somoe naye akaja, akashika kiuno, akaniambia, "Mama yako hajatimiza mwaka, wewe umeshauacha uwanja wake ufe." Iliniuma.

Alipoondoka nilichukua ufagio wako nifagie, angalau aone. Nikafagia mara tatu, nne. Vumbi likainuka, upepo ukalichukua likaelekea barabarani, udongo ule ule niliousomba mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Nikauweka ufagio chini. Siku ile ile nikaanza kupanda ukoka.

Njia yako ya kutoka mlangoni kwenda jikoni sikuigusa kwa majani. Nimeitandika yale matofali ya kona iliyobomolewa. Hiyo inafagilika bila kupoteza udongo, na ufagio wako unaning'inia pale pale nyuma ya mlango. Nakuahidi nitakuja kutoka Ruangwa kila mwezi, nifyeke ukoka uwe mfupi, nyoka asipate pa kujificha, na njia yako niifagie kabla sijanywa chai. Nikiwa na homa nitaruka siku, usinifananishe na wewe.

Bi Somoe bado anasema nimekosea. Ila juzi nilimkuta amekaa juu ya ukoka huo huo, amenyoosha miguu, anachambua mbaazi.

Yale mawe yako mawili ya ngazi hayaonekani tena, udongo umeyafunika. Sasa tunaingia kwa hatua moja kama zamani. Jana niliingia hivyo, mikono mitupu, nikasimama kuitazama fremu pale palipong'aa kwa kiganja chako. Mlango mzima nitaupaka rangi, ila pale sitapagusa.

Pumzika, Mama. Ungekuja leo, ungeingia bila kushika kitu.

Mwanao,
Salma